Gazeti la Kiingereza limewashinda Darasa la Tano: shika paketi ya sabuni

Swali: "Nafundisha Kiingereza Darasa la Tano hapa Tanga mjini. Nina watoto 70 na vitabu havifiki 15. Kwenye semina tuliambiwa tutumie maandishi halisi badala ya sentensi za kutunga. Nikanunua gazeti la Kiingereza, nikagawa kurasa kwa vikundi, nikawaambia watafute vitenzi vya wakati uliopo. Kipindi kizima kiliishia kwenye kuulizana maana za maneno, na mpaka leo wanaandika 'She is go to school every day' na 'My father sell fish'. Mwalimu Mkuu anasema niachane na mambo ya semina nirudi kwenye kitabu, maana mtihani hautoki kwenye magazeti. Je, njia hii inawafaa watoto wa umri huu, au ni ya wenzetu wenye madarasa ya watoto 20? Na kama inafaa, nianzie wapi?"

Mwalimu, hapo kuna maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Maandishi halisi yanamfaa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja? Na gazeti je, linamfaa? La kwanza jibu lake ni ndiyo, hata kwa watoto 70. La pili ni hapana, na usiulaumu wingi wa darasa: gazeti lile lingewashinda hata wangekuwa 20.

Tatizo la kwanza la gazeti ni msamiati. Mwaka 2000 watafiti wawili, Hu na Nation, walipima ni maneno mangapi msomaji anapaswa kuyajua ili aelewe hadithi bila kusaidiwa. Walifika kwenye asilimia 98 hivi. Yaani katika kila maneno 100, mageni yasizidi mawili. Chukua aya moja ya gazeti ulilonunua, uhesabu maneno ambayo mwanafunzi wako wa katikati hayajui. Usimpime yule anayekaa mbele na kunyoosha mkono kila swali. Ukifika kumi kabla ya nukta ya tatu, umeshajua kipindi chako kilikwenda wapi. Mtoto anayehangaika na maana hana nafasi ya kuiona herufi moja iliyoning'inia mwishoni mwa kitenzi.

Tatizo la pili halisemwi sana kwenye semina: vichwa vya habari vina sarufi yao. "Minister visits port" ni habari ya jana iliyovikwa kitenzi cha leo. "Two held over theft" kimeangushwa "are" au "were". Mtoto uliyemtuma atafute wakati uliopo ataiona "visits", ataambiwa na mwenzake kwamba waziri alikuja jana, na atatoka darasani akiamini "visits" maana yake ni "alitembelea". Magazeti yasubiri sekondari.

Sasa hilo neno "halisi". Vyuo vya ualimu hufundisha kutumia vitu halisi: chungwa, ndoo, jani la mwembe. Hizo ni zana, na ni nzuri, lakini chungwa halina sarufi. Maandishi halisi ni maneno yaliyoandikwa ili yafanye kazi fulani duniani, bila mwandishi kumfikiria mwanafunzi wa Kiingereza: kuuza sabuni, kuonya, kuelekeza, kutaja kilichomo ndani ya paketi. Wala si lazima yatoke Uingereza. Paketi ya biskuti ya dukani Ngamiani, hapo hapo Tanga, ni halisi sawa na kibao cha barabarani London, na kwako ni bora zaidi, kwa sababu mtoto anakijua kilichomo kabla hajasoma neno lolote. Nusu ya maana ameshaipata kwa macho na kwa ulimi. Bidhaa nyingi za hapa nchini zina Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Hizo ndizo dhahabu yako.

Kabla hujaingia darasani, lijue kosa unalolitibu. "She is go" haitokani na uzembe. Mtoto anakata neno la Kiswahili vipande na kulitafsiri kipande kwa kipande: a-na-enda. "A" ni "she", "na" anaipa "is", "enda" ni "go". She is go. Kwa mantiki ya Kiswahili hajakosea popote. Isitoshe, -na- yetu inabeba mizigo miwili: "anakwenda shule sasa hivi" na "anakwenda shule kila siku" ni umbo lilelile, wakati Kiingereza kinadai maumbo mawili.

Kosa la "My father sell" lina chanzo kingine. Kiswahili humtaja mtenda mwanzoni mwa kitenzi, kwa kiambishi ambacho ni nadra kukosekana. Kiingereza humwekea alama mwishoni, tena katika nafsi moja tu. Sikio la mtoto limezoea kusikiliza mlangoni, na hiyo s imeingia kwa dirisha la nyuma. Tena ni s isiyoongeza maana yoyote, kwa kuwa "my father" imeshasema ni nani. Mwaka 1974 watafiti Dulay na Burt, waliolinganisha watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza, walikuta -ing ikishikwa mapema na hii s ya nafsi ya tatu ikichelewa, kwa makundi yote mawili. Kwa hiyo ukiona mtoto anaijibu vizuri kwenye zoezi na kuisahau kwenye insha, hajakudharau. Iko njiani.

Je, mtoto akiyaona maandishi halisi mara nyingi, sarufi itajipenyeza yenyewe? Wako wanaoamini hivyo, na ndiyo maana semina nyingi huishia kwenye "waleteeni maandishi". Mimi naegemea upande wa Richard Schmidt, mtafiti wa ujifunzaji wa lugha, aliyeandika mwaka 1990 kwamba kinachoingia ni kile mwanafunzi alichokitambua. Watoto wako wamepita mbele ya "Made in Tanzania" maelfu ya mara na hakuna aliyejifunza kauli ya kutendwa. Kazi ya mwalimu ni kuwafanya wasimame hapo.

Turudi kwenye paketi ya sabuni ya unga. Mgongoni mara nyingi utakuta mistari ya namna hii: "Kills germs. Removes tough stains. Protects hands." Tazama kilichokosekana: mtenda hayupo. Paketi haina nafasi, kwa hiyo imemtupa na kubakiza kitenzi na s yake. Kitabu cha kiada hakiwezi kukupa zawadi hii, kwa sababu kitabu huandika sentensi kamili. Hapa s imebaki ndiyo ushahidi pekee kwamba kuna mtu mmoja, au kitu kimoja, kinachofanya kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza ile s ina maana, na watoto wanaweza kuifanyia upelelezi.

Wiki moja kabla, waambie walete paketi tupu zilizooshwa kwa maji. Wagawe vikundi 14 vya watano watano. Paketi 14 zinatosha, hazihitaji kufanana. Usianze nazo lakini. Nakili mistari mitatu tu kwenye karatasi ya manila kwa maka peni, herufi zenye urefu wa sentimita 5, ili wa benchi la mwisho asome bila kusimama. Usirahisishe maneno. Yakiwa magumu mno, punguza mistari. Maandishi yabaki yalivyo, na swali unalowauliza ndilo liwe jepesi.

Dakika 5 za kwanza manila imefunikwa. Inua paketi, uliza ni nini na kazi yake ni nini. Kiswahili kiruhusiwe. Watakwambia inafua, inatoa madoa, inaua vijidudu. Wameshakutajia maana yote kabla ya kusoma. Funua manila, dakika 8 za kusoma na kulinganisha: neno gani ni "kuua", lipi ni "madoa"? "Tough" liseme wewe, usilifanye fumbo.

Zinazofuata ni dakika 12 za kazi yenyewe. Uliza: "Kills germs. Who? What?" Waache wabishane. Mtu atasema "sabuni". Andika "It" mbele ya kila mstari: "It kills germs. It removes tough stains. It protects hands." Sasa inua paketi mbili na ubadilishe "It" iwe "They", bila kugusa kitu kingine. Uliza kama s inabaki. Ifute kwa kiganja wakiona. Kisha fanya mchezo: ukiinua paketi moja darasa zima linasema "It kills", ukiinua mbili "They kill", ukificha zote mgongoni kimya. Ongeza kasi. Watoto 70 wanaweza kufanya hivi kwa pamoja. Hapa wingi ni faida.

Kuna mtego ambao lazima uutegue hapo. Ukiwaambia wapigie mstari kila s, watapigia na "germs", "stains" na "hands". Usiharakishe kusahihisha, maana hilo ndilo swali bora la kipindi: s ipi imekaa kwenye tendo na ipi imekaa kwenye vitu vingi? Wengi hugundua kwa mara ya kwanza kwamba Kiingereza kina s mbili zinazofanana sura, na kwamba moja ni ya wingi na nyingine ya umoja. Inachanganya kweli. Ipe dakika zake. Mtego mwingine ni paketi zilizoandikwa "Leaves clothes fresh". "Leaves" mtoto analijua kama majani, au kama "anaondoka". Mstari huo usiunakili siku ya kwanza.

Zibaki dakika 10 za kuhamisha, na hizi usizikate hata kengele ikikaribia. Kila mtoto aandike sentensi tatu kuhusu kazi za watu wa nyumbani: "My uncle mends nets. My aunt sells coconuts. My grandmother weaves mats." Bila hatua hii s itabaki kwenye sabuni. Dakika 5 za mwisho weka ubaoni maswali matatu ya kuchagua kama ya mtihani, ukitumia maneno yaleyale. Madaftari 70 usiyabebe nyumbani yote: chukua moja kwa kila kikundi, uangalie s ya kitenzi peke yake, na wiki inayofuata chukua ya wengine. Ukisahihisha na tahajia na herufi kubwa siku hiyohiyo, mtoto ataona wino mwekundu tu na hatajua alikosa nini.

Utashawishika kuwaambia kwamba "kills" ni "huua", "removes" ni "huondoa". Fanya hivyo kwa tahadhari. Mtoto wa pwani anaisikia hu- nyumbani kila siku (bara wengi watasema "anaendaga"), kwa hiyo inamsaidia kuelewa kwamba paketi inasema jambo la kawaida, na si la sasa hivi. Inamtenganishia "every day" na "now", na "She is go" inaanza kupungua. Lakini hu- haibadiliki: mimi huenda, yeye huenda, wao huenda. Ukiitegemea kwa umbo utakuwa umemruhusu aandike "I go, he go, they go". Itumie kwa maana, ifunge hapo.

Paketi ya biskuti ina somo jingine, nalo ni tamu kuliko la sabuni. Orodha ya viambato huwa hivi: "wheat flour, sugar, vegetable oil, eggs, salt, milk powder". Moja tu ndiyo yenye s mwishoni. Waulize kwa nini mayai yamepata s na sukari haikupata. Hapa Kiswahili kinawavuta vibaya: maji, maziwa na mafuta kwetu yana ma- na huchukua ya-, "maziwa yamechacha", kwa hiyo mtoto anaandika "The milks are sour" na "waters are boiling" kwa uaminifu kabisa. Kanuni ya kuwapa ni ya dukani: unaomba "mayai matatu", lakini huombi "sukari tatu", unaomba kilo, kikombe au kibaba. Itawabeba mbali, ila haitawafikisha kote. "Beans" ina s na "rice" haina, ingawa vyote ni punje na vyote huuzwa kwa kibaba. Waambie ukweli kwamba hapo Kiingereza kimeamua tu, wasitafute sababu. Mtoto akidanganywa kwamba kila kanuni ina mantiki, siku ikivunjika anaacha kukuamini.

Kwa sentensi za amri, pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, inatosha: yeyusha kwenye lita moja ya maji safi, koroga, usitumie baada ya saa 24. Kiingereza kina "Stir" moja kwa mtu mmoja na kwa watu mia, wakati sisi tuna "koroga" na "korogeni". Nakili maneno tu, wasichezee dawa. "Made in Tanzania" ihifadhi kwa madarasa ya juu. Wakiiwekea "It" mbele wataandika "It made in Tanzania", kwa sababu -w- ya "imetengenezwa" iko ndani ya kitenzi na hawaoni haja ya neno la pembeni. Hapo utahitaji kipindi kizima kuwaonyesha kwamba bila "is" kutendwa hakukamiliki.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Maandishi ya paketi huangusha "a" na "the": "Store in cool dry place", "Keep container closed". Mtoto akiyanakili kama mfano, utamjengea kosa jipya. Dawa yake ni ileile ya sabuni: kila maandishi yakiingia darasani, swali la kwanza liwe "kimekosekana nini?" Vilevile siku hizi za mwanzo yaache mabango ya mitaani yenye makosa, yale ya "Fresh fishes here". Yanachekesha, lakini mtoto wa Darasa la Tano hana bado jicho la kutofautisha, na mwenye bango huenda ni baba wa mtu humo darasani. Na usipokee makopo yenye makali, paketi za dawa za wadudu, wala maboksi ya dawa yaliyo na vidonge ndani.

Kuhusu Mwalimu Mkuu, ana hoja. Kitabu kinafuata mtaala, paketi hazifuati. Ukifundisha kwa paketi peke yake utarukaruka: leo s, kesho amri, keshokutwa viambato, na muhula utaisha mada zimebaki. Njia hii pia inakula muda wa maandalizi, si chini ya saa moja kwa manila ya kwanza. Kwa hiyo iweke kwenye azimio la kazi kama kipindi kimoja kwa wiki, na mada itoke kwenye muhtasari. Chagua mada kwanza, halafu tafuta paketi inayoirudia angalau mara tatu. Ulichofanya na gazeti kilikuwa kinyume: ulichukua maandishi, ukatumaini sarufi itakuwamo. Mpelekee Mwalimu Mkuu manila pamoja na yale maswali matatu ya kuchagua. Ataona kwamba "It ___ germs" na "My father ___ fish" ni swali lilelile la mtihani.

Jipe wiki sita kabla ya kuamua kama inafanya kazi, na usipime kwa zoezi. Pima kwa insha fupi ambayo hukuwaambia ni ya s. Hesabu nafasi ambazo s ilihitajika na ngapi imewekwa. Ikitoka moja kati ya kumi ikafika nne, ni mwendo mzuri.

Yako ambayo paketi haiwezi. Mtoto asiyesoma Kiswahili vizuri hatasaidiwa na manila ya Kiingereza. Mpeleke kwanza kwa mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mkae pamoja mpange. Anayekunja macho au kunakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni, zungumza na mzazi aende kituo cha afya apimwe, na hadi Hospitali ya Bombo ikibidi. Na ikiwa wewe mwenyewe unasita kwenye sarufi ya paketi fulani, iache mpaka uulize. Wenzako wa kata kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) na walimu wa Kiingereza wa sekondari ya jirani wapo. Kabla ya kipindi cha tatu, mwombe mmoja wao aje akae nyuma. Asikuangalie wewe. Achague watoto wawili wa benchi la mwisho, na kila unapoinua paketi aandike kama midomo yao imesema kabla ya darasa au baada yake.